Mtoto ni mgonjwa, nikimbie hospitali ama ningoje kidogo? Maswali wazazi wananiuliza kila mara

Mimi ni nesi, nafanya upande wa watoto hapa Eastlands, Nairobi, na maswali haya naulizwa kliniki, kwa matatu, hadi kwa ngazi za ploti nikirudi nyumbani. Nimeyaweka mahali pamoja juu mtoto mdogo anaweza kubadilika kwa masaa machache tu, na mzazi ndiye yuko naye saa nane usiku, si daktari. Sitaki ujue majina ya magonjwa. Nataka ujue kumuangalia mtoto wako, yaani ananyonya, anapumua vipi, anakuangalia, anakojoa? Joto ni kitu kimoja tu kati ya hivyo vyote.

Ni dalili gani nikiona hata moja tu, natoka nyumbani saa hiyo hiyo?

Kuna nne ambazo mfanyakazi wa afya yeyote anayeona watoto Kenya amefundishwa kuziuliza kwanza, zinatoka kwa mwongozo wa WHO na UNICEF wa miaka ya 1990 na bado ndizo tunatumia. Mtoto hawezi kunyonya wala kunywa. Mtoto anatapika kila kitu. Mtoto ameshikwa na degedege kwa huu ugonjwa wa sasa. Mtoto amelegea kupita kiasi ama amezirai. Ukiona moja usingoje ya pili, usingoje kukuche, usingoje baba mtoto atoke job.

Sasa wacha nieleze mbili za kwanza juu hapo ndipo watu hukosea. "Hataki kula" si sawa na "hawezi kunywa". Mtoto mwenye homa kukataa ugali ama uji siku mbili ni kawaida, mradi anakunywa. Lakini ukimpa titi akashika kidogo akaachilia, ukampa tena akaachilia, hana nguvu ya kuvuta, ama ukiweka maji kwa mdomo yanamwagika tu kando, huyo hawezi. Usiniambie tu alikataa asubuhi, mjaribu hapo mbele yako sasa hivi. Na kutapika kila kitu ni hivyo, kila kitu, maji, maziwa, dawa, hakuna kinachobaki tumboni. Akitapika mara moja baada ya kukohoa halafu akanyonya na ikakaa, hiyo ni hadithi nyingine.

Kulegea ni nini hasa? Mtoto mgonjwa si hulala sana?

Hulala, ndiyo. Tofauti iko hapa: mwamshe. Muite jina, mguse nyayo, mbebe. Mtoto aliyechoka tu atalia, atakasirika, atakuangalia usoni, atataka kubebwa na wewe na si mtu mwingine. Mtoto ambaye hali ni mbaya utamuinua na kichwa kinaanguka, macho yako wazi lakini hayakufuati, ama analia kidogo kwa sauti ndogo kisha anarudi kulala kama hakukuona. Kilio pia kisikilize, mama anajua kilio cha mtoto wake, na kilio cha sauti nyembamba ya juu isiyotulia hata ukimbeba ni cha kupeleka hospitali.

Wengine wananiambia, sista, nilimpa parasetamoli akachangamka. Hiyo ni ishara nzuri na inanifurahisha kuisikia, lakini haimaanishi kwamba ugonjwa mkubwa haupo, endelea kumuangalia. Na kama joto limeshuka lakini bado amelegea vile vile, toka.

Nitajuaje anapumua vibaya? Kila mtoto Nairobi anakohoa

Kweli, Juni hadi Agosti baridi ikiingia kila mtu anakohoa, kwa hivyo usihesabu kikohozi, hesabu pumzi. Ngoja atulie au alale, inua fulana uone kifua na tumbo, weka simu ikushtue baada ya sekunde 60, na uhesabu kila mara tumbo likipanda. Hesabu dakika nzima, usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne juu watoto wadogo hupumua bila mpangilio. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni nyingi. Miezi 2 hadi kabla ya mwaka, 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi 5, kuanzia 40. Akiwa chini ya miezi 2 na umepata 60, rudia kuhesabu, na kama ni vile vile nenda.

Halafu angalia chini ya mbavu. Mtoto mzima akivuta pumzi kifua kinatoka nje pamoja na tumbo. Mwenye nimonia kali akivuta pumzi sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani, unaona kama ngozi inafyonzwa chini ya mbavu kila pumzi. Ukiona hivyo akiwa ametulia, halii wala hanyonyi wakati huo, usiende kemisti kutafuta sirapu ya kikohozi, nenda hospitali yenye oksijeni. Vile vile pua zikipanuka kila pumzi, kichwa kikiinama na kuinuka na pumzi, akiguna kila akitoa hewa, ama sauti ya kukwaruza akivuta hewa hata akiwa ametulia. Midomo na ulimi vikibadilika kuwa bluu au kijivu ni dharura kabisa. Kwa ngozi nyeusi usiangalie mashavu, angalia ulimi na fizi.

Kuna wazazi wamenunua ile mashine ya kubana kidole tangu wakati wa korona. Ya watu wazima haishiki vizuri kwa kidole cha mtoto mchanga, na hizi mashine wakati mwingine husoma juu kidogo kwa ngozi nyeusi. Ikisoma chini ya 90 kimbia, lakini ikisoma 96 na mbavu zinaingia ndani, amini mbavu.

Joto likifika ngapi ndio niogope?

Inategemea umri kuliko namba. Chini ya miezi 3, homa yoyote ya kweli ni ya hospitali siku hiyo hiyo, na kwa walio chini ya miezi 2 mstari ni 37.5 ukipima kwapani. Mtoto mchanga anaweza kuwa na maambukizi kwenye damu na asionyeshe kitu kingine chochote. Na kuna jambo watu hawalijui, mtoto mchanga akiwa baridi, chini ya 35.5, hiyo ni mbaya kama joto, wakati mwingine hata kuliko.

Mkubwa wa miaka miwili akiwa 39.5 lakini anakunywa, anakojoa, anakuomba simu aangalie katuni, namuogopa kidogo kuliko mwenye 37.8 ambaye amelala tu anaangalia ukuta. Homa ikizidi siku mbili tatu bila sababu inayojulikana apimwe hata kama anacheza.

Kuhusu dawa, parasetamoli hupimwa kwa kilo, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo moja, kila masaa sita, isizidi mara nne kwa masaa 24. Soma chupa, juu kuna sirapu za 120 kwa kila mililita 5 na kuna za 250, na ukitumia kijiko cha jikoni hujui umempa ngapi, omba sirinji hapo kemisti. Aspirini usimpe mtoto. Usimfunge blanketi tatu na usimuoshe na maji baridi, mvue nguo nzito tu.

Mama mkwe anasema ni meno yanatoka

Hili swali linaniumiza roho juu nimeona watoto wakiletwa siku ya nne wakiwa wamekauka kabisa na kila mtu nyumbani alikuwa anasema ni meno. Meno yanaweza kuleta mate mengi, kusumbua usiku, kutafuna vitu, pengine joto kidogo sana. Meno hayaleti homa ya 39, hayaleti kuhara mara saba kwa siku, hayaleti degedege. Miezi ya meno ni miezi hiyo hiyo mtoto anaanza kutambaa na kuweka kila kitu mdomoni, na kinga aliyopata kwa mama imeanza kupungua, ndiyo maana ugonjwa na meno vinakutana.

Na tafadhali, wale wa kung'oa "meno ya plastiki" kwa fizi za mtoto mchanga, ama kukata kimio juu anakohoa, usiwape mtoto wako. Kile kinachong'olewa ni meno ya kweli ambayo hayajatoka, na mtoto anarudi na damu nyingi na maambukizi juu ya ugonjwa aliokuwa nao. Shosho muheshimu, muambie pole pole, "Shosho, twende kwanza wamuangalie, tukirudi tutaongea." Mara nyingi wanakubali, wao pia wanaogopa.

Akishikwa na degedege nifanye nini?

Mlaze chini kwa ubavu, toa vitu vigumu karibu, legeza nguo shingoni, angalia saa. Basi. Usiweke kijiko mdomoni, hatameza ulimi, utamvunja meno tu. Usimwagie maji, usimnusishe kitunguu wala moshi, usimpe dawa ya kunywa akiwa bado anatikisika juu itaingia kwa mapafu. Nyingi huisha zenyewe kabla ya dakika 5. Ikipita dakika 5, ama ikiisha ikarudi, ni dharura. Hata ikiisha haraka, ile ya kwanza kabisa aonwe siku hiyo, juu degedege ya homa ya kawaida na ile ya homa ya uti wa mgongo ukiwa nyumbani huwezi kuzitofautisha. Kama kuna mtu mwingine kwa nyumba, arekodi video fupi na simu, inamsaidia daktari sana.

Anahara na utosi umebonyea. Si kuna wazee wanajua kuurudisha?

Utosi kubonyea si ugonjwa wa utosi, ni maji yameisha mwilini. Ukiurudisha na mafuta na vidole, maji bado hayajarudi. Angalia pia macho kama yameingia ndani, akilia kama kuna machozi, nepi ya mwisho yenye mkojo ilikuwa saa ngapi. Kisha bana ngozi ya tumbo kando ya kitovu kwa vidole viwili uachilie: ikirudi mara moja sawa, ikirudi pole pole maji yamepungua, ikichukua zaidi ya sekunde mbili hali ni mbaya na anahitaji hospitali. Mtoto anayenyakua kikombe kwa kiu bado yuko na nguvu ya kusaidiwa na ORS, ule unga wa pakiti wa chumvi na sukari unaokorogwa na maji, lakini yule amelegea hata kiu hana, anahitaji maji ya mshipa.

ORS koroga na kiasi cha maji safi kilichoandikwa kwa pakiti, zingine ni za nusu lita zingine lita nzima, usikisie. Baada ya kila choo cha majimaji, aliye chini ya miaka 2 mpe mililita 50 hadi 100, mkubwa 100 hadi 200, kidogo kidogo. Akitapika ngoja dakika 10 uendelee, kijiko kimoja kimoja. Zinki ni siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, na 10 kwa wa chini ya miezi 6, usiache kuhara kukikoma. Titi usikatize. Soda, chai ya rangi na ile juisi ya pakiti haziwi ORS. Dawa za kufunga tumbo za watu wazima asipewe.

Damu kwa choo, matapishi ya kijani, tumbo limevimba gumu, ama mtoto mdogo anayepiga nduru kwa vipindi akikunja miguu kisha anatulia na kuwa mweupe halafu tena, hao wote ni wa hospitali bila ORS ya kujaribu kwanza.

Hapa Nairobi si hakuna malaria?

Nairobi iko juu, mbu wa malaria hawapendi baridi yetu, kwa hivyo wengi tunaowapata na malaria wametoka safari. Kama mlikuwa ushago, Kisumu, Siaya, Busia, Kakamega, ama Pwani, wiki hata nne zilizopita, mwambie daktari bila kuulizwa. Dalili mara nyingi huja siku 7 hadi 30 baada ya kuumwa na mbu, wakati mzazi ameshasahau safari. Apimwe damu kabla ya dawa. Na kama kipimo kimesema hakuna malaria, usinunue dawa ya malaria, uliza basi ni nini.

Nitaonaje vipele vya hatari kwa ngozi nyeusi?

Angalia viganja, nyayo, ndani ya kope la chini, na tumbo, pale ngozi imepauka kidogo. Bonyeza kipele na glasi ya kunywea maji inayoonyesha upande wa pili. Vipele vingi hufifia ukibonyeza. Madoa ya zambarau au mekundu meusi yasiyofifia, na mtoto ana homa, hiyo ni dharura, inaweza kuwa maambukizi ya damu au uti wa mgongo. Shingo ngumu, kukataa mwanga, utosi uliovimba juu akiwa ametulia na ameketi, navyo pia. Lakini usingoje vipele, wengine hawavipati kabisa.

Viganja vikiwa vyeupe kuliko vyako, pima damu, anaweza kuwa ameishiwa.

Mtoto mchanga wa wiki mbili, mbona mnamuogopa hivyo?

Juu haonyeshi. Dalili zake ni ndogo: ananyonya kidogo kuliko jana, anasonga tu ukimgusa, kitovu kimekuwa chekundu hadi kwa ngozi ya tumbo, kinatoa usaha, pumzi ni nyingi. Macho ya manjano ndani ya masaa 24 ya kwanza ya kuzaliwa ni ya hospitali, na manjano yakifika viganja na nyayo siku yoyote ile, ni ya hospitali. Kumwanika tu dirishani hakutoshi hapo.

Kemisti amempa antibayotiki, nimalize kwanza ndio niende?

Hapana. Kama dalili ya hatari iko, dawa isikuzuie kwenda, beba chupa na pakiti uonyeshe. Na dawa iliyobaki ya ndugu yake usimpe, kilo ni tofauti na ugonjwa pengine ni tofauti.

Kuna watoto ambao sifai kungoja nao kabisa?

Wapo. Mwenye seli mundu, wengi wanaiita sikoseli, akipata homa ya 38 ni hospitali siku hiyo, hata akicheza. Mwenye virusi vya UKIMWI, mwenye ugonjwa wa moyo, aliyezaliwa kabla ya wakati, aliyekosa chanjo. Na mwenye utapiamlo, yaani mkono wa juu ukipimwa na ile tepu ya rangi uko chini ya sentimita 11.5 akiwa na miezi 6 hadi miaka 5, ama miguu yote miwili imevimba. Huyu anaweza kuwa na maambukizi makali na asiwe na joto hata kidogo, mwili hauna nguvu ya kuchemka. Mhamasishaji wa afya wa mtaa wako anaweza kumpima mkono hapo kwa mlango wako.

Hana homa, hakohoi, lakini ghafla amekuwa hivi

Uliza amekula nini, amekunywa nini. Mafuta taa kwa chupa ya soda chini ya meza ni kisa tunachokipata sana: usimtapishe, usimpe maziwa, mpeleke na chupa. Na kama ni usiku wa baridi, jiko la makaa liko ndani, na watu wawili watatu kwa nyumba wanaumwa kichwa, wanatapika, wanalala lala, hiyo ni sumu ya moshi wa makaa usiouona. Fungua mlango, toa kila mtu nje kwanza, halafu hospitali.

Foleni ni ndefu na mtoto anazidiwa, nifanye?

Usikae kwa benchi kwa adabu. Hospitali inafaa kupanga wagonjwa kwa hali, si kwa nani alifika kwanza. Nenda kwa meza ya kwanza useme dalili ya hatari kwanza kabla ya historia: "Sista, mtoto wangu wa miezi tisa hawezi kunyonya tangu saa kumi na anapumua mara 64." Hiyo sentensi inafungua mlango haraka kuliko "mtoto ana homa tangu Jumatatu". Akibadilika ukingoja, rudi hapo mezani, sema amebadilika. Beba kitabu cha kliniki, na andika kwa simu saa ya homa, ya dawa, ya mkojo wa mwisho.

Tulikuwa huko jana wakasema ni virusi tu. Nikirudi si watanikasirikia?

Rudi. Jana huenda walisema ukweli kabisa, na leo ni siku nyingine. Nimonia na uti wa mgongo huanza ukifanana na mafua ya kawaida na hakuna daktari anaweza kuona kesho. Ukirudi sema nini kimebadilika tangu jana. Na siku nyingine kabla ya kutoka chumba cha daktari uliza hivi: "Nikiona nini nirudi saa hiyo hiyo?" Usiondoke bila jibu. Mzazi akiniambia "sijawahi kumuona hivi", mimi huvua fulana ya mtoto na kuanza kumpima upya kutoka juu hadi chini.

Ni usiku, sina gari

Panga mchana. Jua kituo gani karibu nawe kinafunguliwa usiku, juu vingi vya mtaani hufungwa jioni. Kayole na Umoja, Mama Lucy ndiyo karibu, upande wa Kibra kuna Mbagathi. Weka namba ya boda au teksi unayemwamini, na jirani wa kubaki na hao wengine. Dharura ni 999 au 112. Kwa boda usimfunike mtoto uso na leso, mfunge mwili, acha uso wazi uone anapumua, na ukiwa njiani endelea kumuita jina.

Themometa gani ninunue?

Ya dijitali, ile ndogo ya kwapani. Panguza jasho kwanza, ncha ikae katikati ya kwapa, shikilia mkono wake ubanwe hadi ilie. Ile ya glasi yenye zebaki usiinunue hata ukiuziwa bei rahisi, ikivunjika ni sumu. Na zile za kuelekeza kwa paji la uso zinadanganyika mtoto akitoka juani ama akitoka tu kuoga, ngoja kidogo upime tena.